Sura ya Tano: Jiwe Lililo Laini Kuliko Madini Yake

Julai 1969 wanaanga wa Apollo 11 walirejea kutoka mwezini na kilo zisizofika 22 za mawe na vumbi. Mawe hayo yaligawiwa kwa maabara mbalimbali. Wengine walitafuta umri wake, wengine kemia yake, wengine dalili za uhai. Walikuwapo pia waliotaka kujua jambo moja dogo, nalo ni kasi ya sauti ndani ya jiwe. Kipimo chenyewe hakina makuu. Upande mmoja wa kipande hubandikwa kifaa cha kutoa mdundo, upande wa pili cha kuupokea, kisha huangaliwa muda ambao mdundo umechukua kuvuka.

Basalti nzima ya hapa duniani hupitisha sauti kwa kilomita 5 hadi 6 kwa sekunde. Jiwe la mwezini lililopewa namba 10017, nalo ni basalti, lilipitisha kwa kilomita 1.84. Jiwe namba 10046, lililofanyika kwa vipande vilivyopondwa na kushikamana tena, lilipitisha kwa kilomita 1.25 tu. Edward Schreiber na Orson Anderson, wakiandika katika jarida la Science mwaka 1970, waliziweka takwimu hizo kwenye jedwali pamoja na za vitu vingine ambamo sauti hutembea kwa mwendo huo wa pole. Vitu hivyo vilikuwa jibini: jibini gumu la Uswisi, kilomita 2.12; Romano ya Italia, 1.74; cheddar ya Vermont, 1.72. Wazungu wana masimulizi ya kale kwamba mwezi umefinyangwa kwa jibini, na wanasayansi hao wawili hawakuweza kujizuia.

Nyuma ya mzaha huo kulikuwa na fumbo. Kasi ya sauti hutegemea mambo mawili: msongamano wa jiwe, yaani uzito wake kwa ujazo wake, na ukakamavu wake, yaani jinsi linavyokataa kufinywa na linavyorudia umbo lake likiachiwa. Msongamano wa mawe ya mwezini haukuwa wa ajabu. Madini yake nayo yalikuwa ya jamii ile ile iliyomo katika basalti za duniani, na kila moja likipimwa peke yake ni kakamavu. Iweje basi jiwe liwe laini kuliko kila punje iliyolijenga?

Jibu ni nyufa. Hatuzungumzii zile unazoweza kuingiza kisu, bali nyufa ambazo jicho halizioni kabisa: urefu wake ni sehemu ya milimita, na uwazi wake mara nyingi haufiki mikromita moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Ukizikusanya zote zilizomo ndani ya jiwe, nafasi yake ni ndogo mno kiasi kwamba kwenye mizani hazionekani. Lakini ndizo zinazoamua jiwe litafinyika kiasi gani likikandamizwa, litarudi vipi likiachiwa, na litapitisha mawimbi ya tetemeko kwa kasi gani.

Kugonga na kusikiliza

Mnunuzi wa chungu sokoni hukigonga kwa konzi kabla ya kutoa fedha. Chungu kizima hulia. Chenye ufa hutoa sauti butu inayokufa papo hapo, hata kama machoni hakina kasoro. Mnunuzi huyo, bila kifaa chochote, amepima mambo mawili kwa mpigo mmoja. Kwanza, ufa umepunguza ukakamavu wa chungu, kwa hiyo sauti imeshuka. Pili, kingo mbili za ufa zinasuguana kila chungu kinapotikisika, na msuguano huo unakula nguvu ya sauti kabla haijaenea.

Miamba hufuata kanuni hiyo hiyo. Katika vilima vya mawe vya Moru, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kuna jiwe kubwa lenye vishimo vilivyochimbika kwa kugongwa kwa mawe madogo. Ukiligonga hulia kama chuma, na watu wa zamani walilitumia kama ala. Majirani zake wengi, ambao ni wa mwamba ule ule, wakigongwa hutoa kishindo tu. Jiwe la kulia sharti liwe limekaa juu ya sehemu chache ili liwe huru kutikisika, na sharti liwe na nyufa chache ndani yake.

Nyufa hizo hutoka wapi? Chukua itale, ambalo wengi huliita graniti. Huganda kutoka katika uji wa moto kilomita kadhaa chini ya ardhi, katika joto la nyuzi mia kadhaa za Selsiasi. Ndani yake mna kwazi, felspa na ulanga, zimesongamana bila nafasi. Mwamba unapopoa, kila aina ya madini hunywea kwa kiasi chake. Kwazi hunywea zaidi kuliko felspa, tena hainywei sawasawa pande zote. Punje zilizoshikana hazina pa kusogea, kwa hiyo huachana mipakani, au hupasuka katikati. Baadaye mvua na mito vikiondoa miamba iliyokuwa juu, uzito uliokuwa ukizibana nyufa hizo hupungua, nazo hufunguka. Itale linalochomoza juu ya ardhi limefika likiwa tayari na nyufa kila mahali.

Wapasuaji wa mawe wa Afrika Mashariki hulitumia jambo hili wanapokosa baruti. Huwasha moto juu ya mwamba kwa saa nyingi, kisha hupiga nyundo mahali ambapo asubuhi yake nyundo ingeruka tu. Moto umeifanya kazi ya kupoa kwa kinyume: umezitanua punje kwa viwango tofauti na kuzitenganisha. Joto likifika nyuzi 573 mambo huzidi, kwa sababu hapo mpangilio wa ndani wa kwazi hubadilika na ujazo wake kupanda ghafla.

Wembamba ndio unaohesabika

Wa kwanza kuliona tatizo hili waziwazi maabarani walikuwa Leason Adams na Erskine Williamson wa Maabara ya Jiofizikia ya Taasisi ya Carnegie, mjini Washington. Mwaka 1923 walichapisha vipimo vya jinsi madini na miamba inavyofinyika chini ya shinikizo kubwa. Matarajio yalikuwa rahisi: ukijua kila aina ya madini iliyomo kwenye itale inafinyika kiasi gani, na kiasi cha kila moja, basi utajua itale lenyewe. Shinikizo lilipokuwa kubwa, hesabu ilikubali. Lilipokuwa dogo, mwamba ulifinyika zaidi ya ilivyopasa. Adams na Williamson walisema tofauti hiyo inatokana na matundu membamba yanayojifunga kadiri shinikizo linavyopanda.

Mwaka 1933 William Zisman, akiwa Harvard, alilithibitisha jambo hilo kwa namna ya kupendeza. Alipima jiwe likiwa limefunikwa kwa gamba jembamba lisilopitisha kimiminika, kisha akalipima likiwa wazi ndani ya kimiminika kile kile kinacholikandamiza. Lililofunikwa lilifinyika sana mwanzoni. Lililokuwa wazi lilifinyika kidogo, karibu kama madini yake, maana kimiminika kiliingia ndani ya nyufa na kusukuma kutoka ndani kwa nguvu ile ile iliyosukuma kutoka nje. Nyufa hazikupata nafasi ya kufunga. Jiwe lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni kwamba nyufa zake zilizuiwa kufanya kazi.

Francis Birch, naye wa Harvard, aliendelea kwa kutumia sauti. Katika kazi yake ya mwaka 1960 alipima kasi ya mawimbi ndani ya aina nyingi za miamba hadi shinikizo la megapaskali 1,000, ambalo duniani hupatikana kilomita zaidi ya 30 chini. Picha ilijirudia karibu kwa kila jiwe. Itale la kawaida huanza na kasi ya kilomita 4 hadi 5 kwa sekunde likiwa mezani. Shinikizo likipanda hadi megapaskali 100 au 200, kasi huruka hadi karibu kilomita 6. Kutoka hapo hata ukiongeza shinikizo mara tano, kasi hupanda polepole sana. Kuruka kule kwa mwanzo ni nyufa kujifunga. Kupanda kwa polepole baadaye ni madini yenyewe kufinyika.

Lakini kwa nini nyufa zenye nafasi ndogo hivyo ziwe na athari kubwa hivyo? Joseph Walsh wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts alilijibu swali hilo mwaka 1965 katika mfululizo wa makala tatu, na jibu lake limo hadi leo katika kila kitabu cha fizikia ya miamba. Kinachoamua ni umbo. Fikiria tundu la duara kama kiputo. Ukilikandamiza, kuta zake hubebana zenyewe kwa zenyewe kama kuba, na mzigo hupita pembeni bila shida. Sasa fikiria tundu bapa, pana kwa milimita moja lakini wazi kwa mikromita moja tu. Kuta zake mbili zimetazamana bila kugusana, na hakuna kuba la kuzishikilia. Mzigo mdogo tu huzisogeza. Jiwe lote linalozunguka ufa huo, juu na chini, kwa umbali unaokaribia upana wa ufa wenyewe, limepoteza egemeo.

Kwa hiyo athari ya ufa hukua na mchemraba wa upana wake, na haijali sana uwazi wake. Tuweke tarakimu. Chukua jiwe ambalo sehemu moja kati ya elfu ya ujazo wake ni tupu. Ikiwa utupu huo ni viputo vya duara, ukakamavu wa jiwe dhidi ya kukandamizwa hupungua kwa sehemu 2 hivi kati ya 1,000, kiasi ambacho vyombo vingi havitakiona. Ikiwa utupu ule ule umegawanyika kuwa nyufa ambazo upana wake ni mara elfu ya uwazi wake, ukakamavu huo hushuka kwa zaidi ya theluthi moja. Utupu ni ule ule, jiwe ni lile lile, matokeo hayalingani hata kidogo.

Walsh alionyesha pia ni shinikizo gani linalohitajika kuufunga ufa. Kwa makadirio, zidisha ukakamavu wa madini kwa uwiano wa uwazi na upana wa ufa. Kwa itale, ukakamavu huo ni kama gigapaskali 70. Ufa wenye uwiano wa 1 kwa 1,000 utafunga kwenye megapaskali 70 hivi, yaani chini ya uzito wa mwamba wa kilomita mbili na nusu hadi tatu. Ufa mwembamba zaidi ya huo hufunga mapema zaidi. Kiputo cha duara hakifungi kamwe. Jiwe litapondeka kabla. Hapa ndipo kasi zilizopimwa na Birch zilipopata maana yake. Mstari unaopanda kwa kasi kisha ukalala ni orodha ya nyufa zikijifunga moja baada ya nyingine, nyembamba zikitangulia.

Jiwe lenye kumbukumbu

Mpaka hapa tumelikandamiza jiwe kutoka pande zote. Mhandisi wa mgodi au daraja kwa kawaida hulikandamiza kutoka juu tu. Hukata kipande cha mwamba chenye umbo la mche duara, hukisimamisha kwenye mashine, na kukibana taratibu huku akirekodi mzigo na kiasi cha kufupika. Robert Hooke alitangaza mwaka 1678 kwamba kitu nyumbufu hubadilika umbo kwa kadiri ya nguvu inayokivuta au kukisukuma: maradufu ya mzigo, maradufu ya mabadiliko. Kwenye karatasi, kanuni hiyo ni mstari ulionyooka. Jiwe lenye nyufa haliianzi safari yake kwa kunyooka. Mwanzoni hufupika kwa urahisi, kisha hukakamaa kadiri mzigo unavyoongezeka, na mstari hujipinda kuelekea juu. Ni baada ya nyufa zilizolala kingamizi kwa mzigo kujifunga ndipo mstari hunyooka na jiwe kumtii Hooke kwa muda.

Mzigo ukiondolewa, jiwe halirudi kwa njia liliyojia. Nyufa zilizofungwa zikasuguana huku zikiteleza kidogo hazikubali kurudi mara moja, kwa sababu msuguano uliozipinga wakati wa kwenda huzipinga tena wakati wa kurudi. Mistari miwili, wa kwenda na wa kurudi, hufanya kitanzi, na eneo la kitanzi hicho ni nguvu iliyogeuka joto. Kwa hiyo hata mhandisi akitaja mzigo kamili, bado hajatuambia jiwe limefupika kiasi gani. Lazima pia aseme kama mzigo ulikuwa unapanda au unashuka.

Mwelekeo nao una neno lake. Amos Nur na Gene Simmons, mwaka 1969, walilikandamiza itale la Barre, kutoka Vermont, kwa upande mmoja na kupima kasi ya mawimbi pande mbalimbali. Kabla ya mzigo kasi hazikutofautiana sana. Baada ya mzigo, mawimbi yaliyokwenda sambamba na mzigo yaliongeza kasi zaidi kuliko yaliyokwenda kwa kukingama nao. Mzigo ulikuwa umechagua nyufa za kufunga, zile zilizoukabili uso kwa uso, na kuziacha zilizolala sambamba nao. Wachonga mawe wa New England waliujua upande wao wa jambo hili kwa vizazi, kwa maana katika machimbo yao itale hupasuka kirahisi kwa mwelekeo mmoja na kwa taabu kwa mwingine. Darubini ilionyesha baadaye kwamba mwelekeo rahisi ndio uliolaliwa na nyufa nyingi.

Na kuna maji. Nur na Simmons mwaka huo huo waliyatia maji mawe makavu na kuyapima tena. Mawimbi ya kusukuma, yanayobana na kuachia jiwe kuelekea yanakokwenda, yaliongeza kasi sana. Mawimbi ya kuyumbisha, yanayotikisa jiwe kwa kukingama, hayakubadilika sana. Sababu ni tabia ya maji yenyewe: hukataa kubanwa, lakini hayakatai kuteleza. Ufa uliojaa maji hauwezi kufungwa haraka, ila kingo zake zinaweza kuteleza kama ulivyokuwa mtupu. Kwa kulinganisha kasi za mawimbi hayo mawili, mtu aliye juu ya ardhi anaweza kukisia kama nyufa za chini zina maji au hazina.

Sasa mawe ya mwezini yanafumbulika. Mwezi umepigwa na vimondo kwa miaka zaidi ya bilioni nne, na kila kipigo huacha nyufa. Mchana wake joto la ardhi hupita nyuzi 100, usiku hushuka hadi zaidi ya nyuzi 100 chini ya sifuri. Mawe yaliyoletwa yalikuwa yamejaa nyufa, makavu kabisa, tena hayana uzito wowote wa kuyabana. Mitambo ya kupima mitetemo iliyoachwa na Apollo ilionyesha kasi ikipanda hadi kina cha kilomita 20 na zaidi. Mwezini mvutano ni moja ya sita ya wetu, kwa hiyo shinikizo ambalo duniani hupatikana kwenye kilomita 3 na kidogo, kule hulazimu kushuka kilomita 20. Nyufa za mwezini hufunga vilevile kama zetu, ila zina safari ndefu zaidi ya kwenda chini.

Hata hivyo mwezi uliwapa watafiti kitendawili kingine. Novemba 1969 wanaanga wa Apollo 12 walipomaliza kazi waliacha sehemu ya chombo chao ianguke mwezini kwa makusudi. Mtetemo wake uliendelea kwa karibu saa nzima. Tumesema jiwe lenye nyufa hutoa sauti inayokufa upesi. Mbona mwezi, wenye mawe yaliyojaa nyufa, ulitetemeka kiasi hicho? Bernhard Tittmann na wenzake walilitafutia jibu miaka ya 1970 kwa kuyatoa mawe unyevu wake wote ndani ya ombwe. Kadiri unyevu ulivyotoka, ndivyo jiwe lilivyodumu kutetemeka, hadi kufikia viwango vya mwezini. Inaonekana kinachokula nguvu ndani ya ufa ni utando mwembamba mno wa maji uliogandamana na kingo zake, ule ambao hewa ya kawaida huuweka bila mtu kutia tone. Mwezini utando huo haupo. Nyufa zake hulegeza jiwe na kutawanya mawimbi huku na huko, lakini haziyamezi.

Nyufa zinapozaliwa

Nyufa tulizozizungumzia hadi hapa zilikuwapo kabla ya mzigo. Mzigo ukizidi, nyufa mpya huzaliwa, na hapo ndipo hadithi inapoingia katika matetemeko ya ardhi.

Charles Inglis alionyesha mwaka 1913 kwamba nguvu inayovuta bamba lenye tundu bapa hujikusanya kwenye ncha za tundu hilo. Kwa tundu lenye umbo la yai lililobanwa, ambalo urefu wake ni mara elfu ya uwazi wake, nguvu nchani hufika takriban mara 2,000 ya nguvu iliyotumika kuvuta. Alan Griffith, akichunguza kioo huko Farnborough, Uingereza, alitumia wazo hilo mwaka 1921 kueleza kwa nini vitu vigumu huvunjika kwa nguvu ndogo sana kuliko inavyodaiwa na uimara wa atomi zake. Ndani ya jiwe linalobanwa, nyufa zilizoinama hujaribu kuteleza, na kwenye ncha zake huchomoza nyufa ndogo mpya zinazokwenda sambamba na mzigo.

William Brace, Paulding na Christopher Scholz walipima matokeo yake mwaka 1966. Walibana itale na mawe mengine magumu hadi kuvunjika, na kufuatilia ujazo wake. Mwanzoni ujazo ulipungua, kama tunavyotarajia. Mzigo ulipofika kati ya theluthi moja na theluthi mbili za ule wa kuvunja, ujazo ulianza kuzidi ule uliotarajiwa kwa kufinywa peke yake. Jiwe lilikuwa likibanwa huku likitanuka, maana nyufa mpya zilikuwa zikifunguka pembeni huku jiwe likifinywa kutoka juu. Mwaka uliofuata Zdzisław Bieniawski, aliyefanya kazi Afrika Kusini ambako migodi ya makaa na dhahabu ilidai majibu, alizipanga hatua hizo: nyufa za zamani kufunga, jiwe kumtii Hooke, nyufa mpya kukua kwa utulivu, kisha kukua bila kuzuilika hadi kuvunjika. Wahandisi wa miamba duniani kote wangali wanazitumia.

Kama jiwe la maabara hutanuka kabla ya kuvunjika, je, ardhi hutanuka kabla ya tetemeko? Watafiti wa Kisovieti waliokuwa Garm, Tajikistan, walikuwa wameripoti kwamba uwiano wa kasi za mawimbi ya kusukuma na ya kuyumbisha hushuka kabla ya baadhi ya matetemeko, kisha hurudi juu muda mfupi kabla ya kishindo. Maelezo yalijitokeza yenyewe: nyufa mpya hufunguka na kubaki bila maji ya kutosha, kasi hushuka, maji hupenya na kuzijaza, kasi hurudi, maji hayo hulegeza mwamba, nao huteleza. Mwaka 1973 Scholz, Lynn Sykes na Yash Aggarwal waliuweka mfano huo katika Science. Mwaka huo huo Aggarwal alitabiri tetemeko dogo karibu na Blue Mountain Lake, jimbo la New York, nalo likaja. Wanajiofizikia wengi waliamini kwamba kutabiri matetemeko kumekaribia.

Hakukuwa kumekaribia. Katika California ya kati, Thomas McEvilly na Lane Johnson walitumia milipuko ya machimbo ya mawe kama chanzo cha mawimbi, kwa kuwa mahali na wakati wa mlipuko hujulikana barabara. Katika ripoti yao ya mwaka 1974 kasi hazikuonyesha kushuka kulikotarajiwa kabla ya matetemeko. Sehemu ya mabadiliko yaliyoripotiwa kwingineko huenda ilitokana na makosa ya kujua mawimbi yalianzia wapi. Julai 1976 tetemeko la Tangshan, China, liliua watu zaidi ya 240,000 bila onyo rasmi.

Kosa lilikuwa kuchukua yanayotokea kwenye mche wa jiwe mzima na kuyahamishia kwenye ufa mkuu wa dunia. Mche wa maabara huvunjwa ukiwa mzima, kwa hiyo hulazimika kuzaa nyufa mpya kila mahali. Sehemu ambako matetemeko makubwa hutokea tayari imevunjika. Pande mbili za ufa mkuu huteleza kwa msuguano, chini ya nguvu ambayo kwa mwamba mzima isingetosha kuuvunja. Kutanuka kukiwapo, kunaweza kuwa katika ukanda mwembamba mno ambao mawimbi yaliyopita kilomita makumi hayauhisi.

Mabadiliko yanayopimika yapo, ila huja baada. Florent Brenguier na wenzake walitumia mnong'ono wa kudumu wa ardhi, unaotoka zaidi kwenye mawimbi ya bahari, kufuatilia kasi karibu na Parkfield, California. Baada ya tetemeko la Septemba 2004 kasi ilishuka kwa asilimia 0.08 na kurudi polepole kwa miaka kadhaa. Mawe maabarani hufanya vivyo hivyo: ukiyatikisa kwa nguvu hulegea, kisha hukakamaa tena kwa mwendo unaopungua kadiri muda unavyopita, huku kingo za nyufa zikijipanga upya.

Nambari isiyojitosheleza

Tatizo la mwisho ndilo linalomgusa kila anayechimba handaki au kuweka msingi wa bwawa. Ili kulipima jiwe la chini ni lazima ulitoe chini, na kulitoa ndiko kunakolibadilisha. Huko Manitoba, Canada, watafiti walichimba maabara ndani ya itale la Lac du Bonnet ili kujua kama taka za nyuklia zinaweza kuhifadhiwa humo. Miche iliyokatwa kwenye kina cha mita 420, ambako mwamba umebanwa vikali, ilitoka dhaifu na laini kuliko iliyokatwa karibu na uso wa ardhi, ingawa ni itale lile lile. Kekee ilipolikata jiwe kutoka kwenye mbano wake, lilitanuka ghafla na kupasuka kwa ndani. Ugonjwa ulioonekana maabarani ulitiwa na kipimo chenyewe.

Kwa sababu hiyo mhandisi makini hukusanya vipimo vinavyopingana na kuviuliza vimepingana kwa nini. Ukakamavu unaopatikana kwa kubana jiwe kwenye mashine huwa chini ya ule unaohesabiwa kutokana na kasi ya sauti, maana mashine huzisogeza kingo za nyufa na sauti huzitikisa kwa kiasi kidogo mno kisichozifanya ziteleze. Pengo kubwa kati ya vipimo hivyo viwili ni habari tosha kuhusu nyufa. Pengo likitoweka unapolibana jiwe upya hadi shinikizo la kina lilikotoka, nyingi kati ya nyufa hizo ni za safari ya kuja juu, na huko chini zimefunga. Likibaki, basi mwamba wenyewe una kasoro, na handaki litahitaji nguzo zaidi.

Majedwali ya vitabu vya uhandisi huandika ukakamavu wa itale kwa nambari moja, kama yanavyoandika wa chuma. Kwa chuma inatosha. Kwa mwamba, nambari hiyo ina thamani pale tu panapotajwa pia ilipimwa chini ya shinikizo gani, jiwe likiwa kavu au limelowa, kwa kulibana upande upi, mzigo ukipanda au ukishuka, na baada ya jiwe hilo kupitia nini. Bila hayo, aliyelipima jiwe amepima nyufa za siku hiyo tu.